Mimba ya Kharetsa

'Maletuka hakuwa mtu wa kuongea na mimea. Mahindi yake aliyapalilia kimya kimya, na kabichi alizikumbuka siku ya kuzikata tu. Lakini alimsalimia kharetsa kila asubuhi, kwa heshima zote, na kijiji kizima cha Ha Ralebese kilikuwa kimemcheka mpaka kikachoka.

Kharetsa ni mshubiri, ila si ule wa bondeni unaoota popote, hata nyuma ya choo. Huyu ni wa juu milimani, kwenye ukungu na theluji, na ana maringo yake. Majani yake hayatoki ovyo ovyo. Yanajipanga safu tano, kila jani limeegemea mgongo wa mwenzake, yote yanazunguka kuelekea upande mmoja hadi katikati. Ukimtazama kwa juu, utadhani ni kofia ya nyasi ambayo msukaji wake alikolewa na kazi akasahau kuimaliza. Anataka maji, lakini maji yanayopita. Yakituama kwenye mizizi yake, anaoza. Anataka baridi, anataka mwamba, anataka mteremko mkali. Ukimng'oa ukampeleka mjini ukampanda kwenye ndoo, atakaa mwaka mmoja akikudanganya kwamba amezoea, halafu atakufa bila kuaga.

Zamani mteremko ulio nyuma ya nyumba ya 'Maletuka ulijaa kharetsa. Mwezi wa Oktoba walichanua wote pamoja, mashina yao yamebeba maua ya rangi ya waridi iliyoiva, na baada ya Krismasi ulikuta mbegu zimetapakaa mpaka mlangoni. Kisha wakaja watu wa magunia. Waliwang'oa mmoja mmoja, wakawauza kando ya barabara kuu kwa wageni wenye magari, na wageni wakaenda kuwaua kwenye ndoo zao. Akabaki mmoja tu, kwa sababu aliota kwenye ufa wa mwamba, mahali ambapo hata mbuzi hupita kwa kusitasita. Na tangu alipobaki peke yake, alichanua kila mwaka na hakutoa hata mbegu moja.

Ungeweza kusema, haya, mmea umekosa mbegu, kwani nini? Lakini mteremko ule ulikuwa umefungwa. Morena wa zamani, chifu wa kijiji, alikataza mifugo isiguse pale kwa ajili ya kharetsa, na chini ya kivuli cha amri hiyo ziliota nyasi ndefu laini ambazo 'Maletuka, mjane asiye na kazi nyingine, alizikata na kuzisukia kofia. Chini ya nyasi hizo ndipo ilipotoka chemchemi. Ng'ambo ya korongo ulikuwapo mteremko mwingine ambao haukufungwa. Huo sasa ulikuwa udongo mtupu na mifereji, chemchemi yake ilikauka, na wanawake wa upande ule waliteka maji mtoni. 'Maletuka aliutazama mteremko huo kila alipofungua mlango.

Ng'ambo hiyo hiyo ndiko alikoishi Ntate Phoofolo, mzee mwenye mbuzi.

*

Mwanzoni mwa majira ya kuchipua Morena 'Mathato aliitisha mkutano. Alikuwa mama wa makamo, amerithi kiti cha mumewe, na alikuwa na tabia ya kufumba macho watu wakizungumza, hivi kwamba hukujua kama anafikiri au amesinzia. Ntate Phoofolo alisimama, akavua kofia, akalirekebisha blanketi lake begani.

“Morena, mimi si mtu wa ugomvi.”

“Tangu lini?” ikauliza sauti kutoka upande wa wanawake. Ilikuwa ya 'Makoena, rafiki wa 'Maletuka, mwanamke ambaye mumewe alikuwa na farasi na yeye alikuwa na mdomo.

“Si mtu wa ugomvi,” akaendelea Ntate Phoofolo, “lakini nina swali. Mteremko ule ulifungwa kwa ajili ya kharetsa. Haya, kharetsa wako wapi? Kabaki mmoja, ajuza. Kila mwaka anajipamba, anajipamba, harusi haifiki. Sasa mbuzi wangu wafe njaa kwa sababu ya mwari mmoja aliyekosa mchumba?”

Wanaume walicheka. 'Maletuka alisimama bila kuruhusiwa.

“Mbuzi wako wamekula ng'ambo yote, Ntate. Wamekula mpaka mizizi. Sasa wanataka waje kula na paa la nyumba yangu?”

“'M'e, mama yangu, paa lako wala halina ladha.”

“Umelijuaje kama hujalionja?”

Hapo hata Morena alifumbua jicho moja. Alilifumba tena, kisha akatoa neno. Angengoja majira hayo. Kharetsa akitoa mbegu, basi ukoo wake bado upo na mteremko utabaki umefungwa. Asipotoa, mbuzi wataingia mara tu mahindi yakishavunwa.

“Nakubali!” alisema Ntate Phoofolo, furaha imemzidi. “Tena niseme mbele ya watu wote. Akizaa yule ajuza, mimi mwenyewe nitauzungushia mteremko ule ukuta wa mawe, kwa mikono yangu hii, na mbuzi wangu wakitazama!”

Kila mtu alielewa kwa nini hana wasiwasi. Nyumba ina upande wa kulia wa wanaume na upande wa kushoto wa wanawake, hili anajua hata mtoto anayetambaa. Basi kharetsa anayezunguka kuelekea kulia ni dume, na anayezunguka kuelekea kushoto ni jike. Hakuna aliyewahi kulichunguza jambo hilo, maana nani achunguze jambo lililo wazi hivyo? Kharetsa wa 'Maletuka alizunguka kuelekea kushoto. Alikuwa jike, hana mume, na madume yote yaliondoka na magunia.

*

Maua ya kwanza yalifunguka asubuhi yenye jua kali na upepo wa kukata masikio. 'Maletuka alikuwa amekaa juu ya mwamba na blanketi lake, anatazama, alipofika chozi. Ni ndege mdogo wa kijani kinachometameta, mkia mrefu, mdomo umepinda kama sindano ya kushonea magunia, na ana kiburi kuliko ukubwa wake. Alitua kwenye shina, akalielekea ua lililo chini kabisa. Kabla hajaingiza mdomo, 'Maletuka aliona kwamba paji la uso wake lote lina vumbi la njano.

“Wewe nawe,” alimwambia, “umetoka wapi asubuhi yote hii na uso haujanawa?”

Chozi alionja maua yote yaliyofunguka, akapiga kelele mbili tatu za kudai zaidi, akaruka kuvuka korongo. Alipita juu ya ua wa Ntate Phoofolo, akashuka ndani ya kile chumba chake kisicho na paa. Zamani kilikuwa jiko la marehemu mkewe. Paa lilianguka, kuta za mawe zikabaki, na mlangoni kulining'inia kufuli kubwa kuliko la duka. Watu walikuwa na maneno yao kuhusu kufuli lile. Wengine walisema mzee anapika pombe ya kificho, wengine walisema anafuga nyoka. 'Makoena alisema kinachofichwa humo ni akili zake, asije akaziharibu kwa kuzitumia.

'Maletuka hakuwaza lolote. Kichwani mwake kulikuwa na jambo moja tu: bibi harusi ameshachanua, bwana harusi hayupo, na maua ya kharetsa hayangojei mtu.

Akaazima farasi wa mume wa 'Makoena, akafunga mkate na nyama kavu kwenye kitambaa, akapanda kuelekea kwenye majabali ya juu, ambako wachungaji walisema bado wamebaki wachache. Mpango wake ulikuwa mwepesi. Atampata dume, atakata shina moja la maua, atarudi mbio na kuyapangusa maua kwa maua. Kazi ambayo chozi huifanya bila kufikiri, mwanamke mwenye akili zake hawezi kushindwa.

Alimkuta mchungaji mmoja amekaa mlangoni mwa kibanda chake cha mawe, viatu vya mpira miguuni, anakoroga uji mgumu kwenye sufuria nyeusi.

“Khotso, Ntate. Natafuta kharetsa mwanaume.”

Mchungaji aliacha kukoroga. “Wanaume wameisha huko chini, 'M'e, mpaka umefikia hapo?”

“Nionyeshe, acha maneno.”

Alimwonyesha. Kwenye ukingo wa jabali, mahali ambapo maji ya theluji yalikuwa yanachuruzika kati ya mawe, walisimama kharetsa watatu. Wawili walikuwa wamechanua vizuri mno, vumbi la maua linamwagika lenyewe ukiyagusa. 'Maletuka aliinama akawatazama kwa juu. Kushoto. Kushoto. Akasonya. Wa tatu alizunguka kulia, mpana, mzuri, ncha za majani yake nyeusi, mwanaume hasa. Hakuwa na hata ua moja.

“Huyu anachanua lini?”

“Huyo? Mwaka jana alichanua. Mwaka huu naona anapumzika.”

“Anapumzika!” 'Maletuka alisimama mbele ya yule dume, mikono kiunoni. “Watu wana shida zao, wewe unapumzika! Wanaume nyinyi, hata mkiwa majani!”

“Si uchukue ya hawa wawili?” aliuliza mchungaji. “Maua si maua?”

“Nikafanye nayo nini? Jike kwa jike? Ntate, kula uji wako.”

Akapanda farasi, akarudi mikono mitupu, akiwaacha nyuma yake waume wawili wazima ambao hakuwa na habari nao. Njia nzima alilia. Hakulilia mmea, tusidanganyane. Alililia maji yale yanayotoka chini ya nyasi, nyasi zile zinazomlisha, na aibu ya kuwatazama mbuzi wa Phoofolo wakipita mbele ya mlango wake wakitafuna. Alikuwa ameshaona ng'ambo namna mteremko unavyokufa, na hakutaka kuona mara ya pili.

*

Maua yalinyauka. 'Maletuka aliendelea kupanda mteremko kila asubuhi, lakini salamu zilikuwa zimepungua ukarimu.

“Umeamkaje,” alikuwa anasema, basi.

Wiki chache kabla ya Krismasi alimkuta kharetsa ametuna. Mahali pa maua ya chini palikuwa na vijitunda vya kijani, vinene, vimesimama wima. 'Maletuka alivuta kimoja akakiminya kidogo. Kilikuwa kigumu. Akaminya cha pili. Halafu akakaa chini palepale, kwenye unyevu, blanketi na yote.

“Wewe!” alisema. “Wewe mtoto! Nani kakufanya hivi?”

'Makoena alipoitwa, aliangalia, akakagua, akafunga mikono kifuani kama mkunga.

“Ana mimba,” alisema. “Hakuna la kubisha. Mimba ya nani?”

“Sijui! Nimemlinda mimi mwenyewe. Hakuna dume mlima mzima, yule wa juu alikuwa anapumzika.”

“Mama wote husema wamelinda.”

“'Makoena, sitanii.”

“Wala mimi. Binti hajitungi mimba. Ukisema kajitunga, Phoofolo atasema umefunga punje za mtama kwa uzi, na Morena atafumba macho yote mawili. Tunamtaka baba. Nani alikuwa anakuja hapa?”

“Hakuna mtu. Chozi tu.”

“Na chozi alikuwa anatoka wapi?”

'Maletuka alifungua mdomo ajibu, na hapo ndipo alipoliona tena lile paji la uso, la njano, asubuhi ile ya kwanza. Maua ya kharetsa wake yalikuwa ndiyo kwanza yanafunguka. Chozi hakuwa amegusa kitu bado, lakini uso ulishachafuka. Aligeuka taratibu, akatazama ng'ambo ya korongo, juu ya ua wa Ntate Phoofolo, kwenye chumba kisicho na paa chenye kufuli kubwa kuliko la duka.

“Mbwa yule!” alisema, na hakuwa anamsema ndege.

*

Binti akipata mimba nyumbani, ndugu zake hawaendi kupiga kelele njiani. Humchukua, wakampeleka kwa mwanaume aliyehusika, wakasimama uani. Hawakai wakiambiwa wakae, hawanywi wakipewa maji, mpaka mwenye nyumba akubali au akane. Walingoja hadi vijitunda vya chini vilipoanza kukauka na kupasuka, vyumba vitatu vitatu, mbegu zimelala ndani na kingo zao nyembamba za kupeperukia. 'Maletuka hakuweza kumbeba binti, maana ukimng'oa unamuua. Akachuma kitunda kimoja, akakifunga kwenye khanga ya mtoto, akakibeba mgongoni. 'Makoena akawakusanya wanawake wengine, kila mmoja na blanketi lake limebanwa kwa pini, wakavuka korongo wakiwa wamekunja nyuso kwa nguvu zote, maana atakayecheka ataharibu kazi.

Ntate Phoofolo alikuwa anachonga mpini wa shoka.

“Khotso, Ntate.”

“Khotso, kina mama. Karibuni. Kaeni.”

“Hatukai.”

“Chai?”

“Hatunywi.”

Mzee aliweka mpini chini. Aliwatazama mmoja mmoja, na rangi ikaanza kumtoka.

“Mungu wangu. Mwanangu kafanya nini? Mwanangu hajafika hapa tangu Pasaka!”

“Si mwanao,” alisema 'Maletuka.

“Mimi? Wanawake, mmerogwa? Na magoti haya?”

“Wala si wewe,” alisema 'Makoena. “Usijipe sifa.”

'Maletuka alifungua khanga, akakitoa kitunda, akakishika kwenye viganja viwili ili mbegu zisimwagike.

“Binti yangu amejifungua. Huyu ndiye mtoto. Baba yake anaishi kwako, mle ndani ya chumba kisicho na paa, na mshenga wao ni chozi. Tumekuja kuuliza, Ntate: unakubali au unakana?”

“Nakana!” Ntate Phoofolo alisimama hadi magoti yakalia. “Nakana mchana kweupe! Kwangu hakuna dume, na hajawahi kuwapo dume! Mnakuja kunitukania nyumba bure! Wangu mimi anazunguka kushoto, jike mtupu kama wako, sasa jike atampaje mimba jike mwenzake?”

Jogoo alipita katikati yao, akasimama, akatazama huku na huku, akaenda zake. Ntate Phoofolo alikuwa bado ameinua kidole juu, na ulimwona waziwazi akiyasikia maneno yake mwenyewe yakimrudia moja baada ya jingine. Kidole kikashuka. Akakalia ndoo.

'Makoena ndiye aliyeanza. Alipiga kigelegele kimoja kirefu, na wenzake wakadakia, nyuso zote zilizokunjwa zikakunjuka kwa mpigo. Mwanamke mmoja alilazimika kushikilia ukuta. 'Maletuka peke yake hakucheka. Alisimama na kile kitunda mikononi, anawaza wale wawili wa jabalini, waliochanua wakamwaga vumbi mbele yake, na namna alivyowasonya. Kushoto kwa kushoto, na mtoto huyu hapa. Basi hawana upande wa wanaume wala wa wanawake. Wanachotaka ni mwenzao tu, yeyote, na ndege wa kuwapelekea salamu.

“Fungua mlango, Ntate,” alisema.

*

Kharetsa alikaa katikati ya lile jiko la zamani, ameegemezwa kwenye lundo la mawe lililopangwa kwa mshazari, maji ya mvua yampitie bila kutuama. Alikuwa mkubwa kuliko wa 'Maletuka. Majani yake yalizunguka safi, safu tano, na juu yake palikuwa na shina kavu lililojaa vitunda vilivyopasuka. Kelele za wanawake zilikatika mlangoni. Kitu kizuri hivyo, katikati ya kuta zenye masizi, kiliwafanya washushe sauti bila kuambiwa.

“Nilimng'oa mimi,” alisema Ntate Phoofolo, anaongea na mlango. “Wakati wa magunia. Nilitaka kumuuza kama wengine. Marehemu mke wangu alimwona, akanifukuza jikoni, akampangia mawe haya mwenyewe, akatoboa paa kwa fimbo ili apate mvua, hadi paa lote likaanguka. Nikasema, mama, tutapika wapi? Akasema, utakula mbichi, mwizi wewe.” Alipangusa pua kwa blanketi. “Alipofariki, sikuweza kumtoa. Wala sikuweza kumwonyesha mtu. Sheria inakataza kumng'oa kharetsa, mnaijua.”

“Na huko nje unataka kuutoa mteremko wangu kwa mbuzi,” alisema 'Maletuka.

“Niliona ni majike mawili. Hayana faida.”

“Hayana faida!” Sasa hasira zilimpanda zote. “Ulichukua watoto wa mteremko ule ukawatia kwenye magunia, Ntate, halafu ukasimama mbele ya watu ukamcheka aliyebaki kwa kuwa hana mchumba. Mchumba umemfungia wewe! Ungekuwa umekaa kimya ningekusamehe. Lakini ulicheka.”

Mzee alimgeukia kharetsa wake, akawapa mgongo.

“Twende kwa Morena,” alisema 'Makoena. “Leo leo. Atalitia jambo hili mikononi mwa polisi, na huyu mzee atajua.”

'Maletuka alimtazama kharetsa. Sheria ikija itakuja na watu, na watu watakuja na koleo, na koleo litasema linamrudisha mlimani, na mlimani atafika maiti. Alimtazama na Ntate Phoofolo, ambaye alikuwa ameinama kuokota jani kavu kati ya mawe, kwa vidole viwili, taratibu, jinsi mtu anavyomtoa mwanawe kijiti kwenye nywele. Hasira haikuisha, lakini ilikaa chini.

“Haya ni mambo ya familia mbili,” alisema. “Tutayamaliza hapa. Mtoto ni wa kwa mama yake, ukoo wetu, mteremko wetu. Fidia ni ukuta uliouapia. Na kufuli hili silitaki kuliona tena. Chozi anaingia kwa juu; sisi tutaingia mlangoni.”

“Ukuta mzima?” aliuliza Ntate Phoofolo kwa sauti ndogo.

“Mbuzi wakitazama,” alisema 'Makoena.

*

Morena 'Mathato alikuja kukagua na farasi wake mweupe baada ya sikukuu. Alipanda mteremko akihema, akatikisa kitunda kimoja, mbegu zikamwangukia kiganjani. Alizitazama muda mrefu.

“Mteremko umebaki umefungwa,” alisema. “Na baba yao ni nani?”

“Amekiri, Morena,” alisema 'Maletuka. “Familia zimeshaelewana.”

Ng'ambo ya korongo, chozi alikuwa ametua juu ya ukuta wa jiko lisilo na paa, anapiga makelele. Morena alimtazama chozi. Kisha akamtazama Ntate Phoofolo, ambaye alikuwa chini yao amebeba jiwe la kwanza tumboni kama mwanamke wa miezi tisa. Akafumba macho.

“Yaliyoisha nyumbani yameisha nyumbani,” alisema, akaomba asaidiwe kushuka.

Ukuta ulikwenda polepole. Mbuzi walitazama kweli, siku nzima, wakitafuna midomo mitupu, na kila aliyepita alipunguza mwendo ili amwambie mzee kwamba jiwe lile limepinda. 'Maletuka alizipanda mbegu kwenye nyufa zote ambazo mkono wake ulifika, za mama na za upande wa pili zikiwa zimechanganywa, kwa kuwa sasa alijua hakuna wa kuoa wala wa kuolewa kati yao. Jioni alimpelekea Ntate Phoofolo uji mgumu na mboga za majani, na hakumpa maneno mengi, lakini alimpa.

Majira yaliyofuata ya kuchipua alimwita aje aone. Katika ufa mmoja palikuwa na kitu kidogo cha kijani, urefu wa ukucha, majani yake mawili mawili yametazamana, yamenyooka tu, hayajazunguka kokote. Ntate Phoofolo alipiga magoti kwa tabu, akasogeza uso karibu mpaka kofia ikadondoka.

“Huyu ataelekea wapi? Kulia au kushoto?”

“Hajui bado. Wanapokuwa wadogo wananyooka hivyo hivyo. Kuzunguka ni miaka na miaka.”

Mkono wa mzee ulikuwa juu ya udongo, kando ya kile kichipukizi, haukigusi.

“Basi sitamwona,” alisema. “Nitakuwa nimekufa.”

'Maletuka aliiokota kofia, akaipangusa vumbi, akamvisha. Kisha akageuka akautazama ukuta, ambao ulikuwa haujafika hata nusu ya mteremko.

“Huwezi kufa,” alisema. “Ukuta bado.”